Nafasi Kati ya Mikato Miwili

Tangu asubuhi Muhsina alikuwa akiinuka na kuketi chumbani kwake Ukunda. Programu aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya C ilipaswa kukata mstari kila penye alama ya mkato: jina, baba, kwao. Mistari ya majirani wote aliowaandika ilikatwa sawasawa, naye bado hakuiamini programu. Kwa ukaidi akaandika mstari wake mwenyewe, na pa baba akapaacha wazi, kama mama yake alivyomfunza kwenye kila fomu.

Programu ikaparuka pale patupu, ikamwandikia Msambweni, mji wa kwao, kuwa ndiye baba yake.

Akacheka, kicheko kikamkauka. Akarekebisha, akajaribu tena. Vipande vitatu, cha pili kitupu. Jaribio limefaulu.

Akaifunga kompyuta kwa kishindo, akampigia mama yake.

"Shikamoo, mama," alisema, na hata marahaba hakuingoja. "Leo nitajie jina lake."