Dizeli, Stima na Tumbo la Mama

Nilifunga safari kwa sababu ya tumbo la Mama. Ukoo wetu, sisi wa Nairobi na nyinyi mlioko nyumbani Bungoma, umekubaliana kununua gari moja kubwa la familia, la kutuleta huko kila Desemba na kila tunapofiwa. Kilichobaki ni kuamua kama litakuwa la dizeli au la stima, yaani la umeme. Mama, ambaye naishi naye hapa Kambi Muru, Kibera, amesema siku zote kwamba dizeli inamchafua roho. Mara ya mwisho alitapika kuanzia Limuru hadi Eldoret, akaapa hapandi tena. Tangu hapo hajaonana na dada yake, Mama Mkubwa, ambaye macho yameanza kumpotea. Kila Jumapili Mama Mkubwa anauliza kwenye simu, "Utakuja lini nikuone, nikiwa bado naona?" Mama hujibu, "Karibuni," kisha anabaki ameishika simu.

Basi mimi, fundi wa viti vya sebuleni, niliteuliwa kuyapima magari hayo mawili, Mama akiwa ndani. Kwenda ni kwa stima, kurudi ni kwa dizeli. Njia yenyewe ni kutoka Kibera hadi Kawangware. Mnaoijua Nairobi mtacheka, maana huo ni mwendo ambao watu huutembea kwa miguu wakienda vibaruani. Chekeni tu, lakini mimi nilivaa koti.

Asubuhi tulipanda kwa miguu hadi kituo cha Olympic, ambako gari la stima lilikuwa linatungoja. Alikuwa amelileta Nekesa, dada yangu mdogo, ambaye ameajiriwa na watu wanaouza magari hayo na siku hizi anazungumza habari za betri hata akikoroga uji. Mumewe, Wafula, ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Kawangware, na yeye ni mtu wa dizeli damu. Hao wawili wanapendana, lakini msiwaulize kuhusu injini wakati wa kula.

"Kupima ni kupima," Wafula alisema. "Tupakie vile tunapakianga ya kwenda nyumbani. Si gari tupu, hapo mtadanganywa."

Akapakia mwenyewe, kama anavyofanya kila Desemba: magodoro, magunia ya nguo, mtungi wa gesi, viti vyangu viwili vilivyokuwa vinangoja mteja. Majirani waliosikia kuna gari linajaribiwa nao wakajipakia, na hakuna aliyewakatalia. Mama akakaa mbele. Wafula akaenda kukaa nyuma kabisa, kwa heshima, nami nikakaa karibu naye. Kwetu mama na mkwe wake hawakai karibu wala hawapeani mkono, na neno la lawama haliwezi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Barabara ya Ngong tuliiingia bila mngurumo. Sikuwa nimejiandaa kwa ukimya huo. Katika gari la dizeli, walioketi nyuma huwasengenya walioketi mbele kwa usalama kamili. Wafula, kwa mazoea, aliniinamia akaninong'oneza, "Shemeji, hata tukinunua hii, Mama hatafika. Mwili umechoka. Tumwekee tu video call aongee na dadake." Gari zima lilisikia. Mama aligeuza uso akatazama dirishani, na mimi niliona aibu mpaka masikioni.

Nekesa alijaribu kutuokoa. "Mama, unaskia vile imetulia? Haina hata moshi."

"Naskia," Mama alijibu. "Leo naskia kila kitu."

Dagoretti Corner ndipo mambo yalipoharibika. Mama alishika tumbo, akaomba gari lisimame, akatapika pembeni ya barabara huku nikimshikilia mkoba. Hakukuwa na injini ya dizeli, na bado alitapika. Nekesa alikaa kwenye usukani, machozi yakimlenga. Kutoka kule nyuma nikamsikia Wafula akisema, "Hata stima imemshinda." Nilihuzunika kweli, kwa sababu ikiwa hata hili lilimshinda, Mama Mkubwa angebaki na sauti ya simu peke yake.

Tulifika kituo cha Kawangware 46 chaji ikiwa imeshuka kuliko alivyotuahidi Nekesa. Alisema ni uzito wa magodoro. Nikamuuliza tutachajia wapi tukishapita Eldoret.

"Bro, wanaweka machine kila siku," alisema.

"Wameweka kwetu?"

"Kwetu bado."

Mama alipelekwa kwa jirani akanywe chai, nasi tukaanza kupakua. Nilipovuta gunia lililokuwa nyuma tu ya kiti chake, nikakuta mtungi wa plastiki wa njano, wa lita ishirini. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea zamani, mahali pake pakazibwa kwa gunzi la mahindi na karatasi ya nailoni. Niliinama kunusa nikajuta.

"Wafula, hii ni nini?"

"Ni dizeli ya akiba, shemeji. Safari ni safari."

"Ya akiba ndani ya gari la stima?"

Alilitazama gari, akautazama mtungi, akamtazama mkewe. "Nimezoea," alisema.

"Na Desemba huwa unauweka wapi?"

"Hapo hapo nyuma ya Mama. Hapo ndio hautingishiki."

Nekesa alicheka mpaka akakaa chini kwenye godoro. Mimi nilimfuata Mama kwa jirani, nikamwinamia nikamuuliza kama alijua habari za mtungi ule.

"Nilijua," alisema, akipuliza chai. "Mimi nilisema dizeli. Sikusema gari. Nyinyi ndio mlisema gari."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Nitamwambiaje mkwe, eti mzigo wake unanuka? Huyo ni mkwe."

Alasiri tulirudi kwa gari la dizeli, aliloliazima Wafula kwa rafiki yake. Lilikuwa limezeeka, likinguruma na kutetemeka mpaka meno yangu yaligongana. Mtungi ulibaki Kawangware. Pale Dagoretti Corner nilimtazama Mama kwa hofu. Alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma, na alipomaliza akaomba yangu.

Jioni tulishuka Olympic, nikawakusanya wote kando ya gari tuamue. La stima ni tulivu, halina moshi, na siku chaji itakapofika kwetu nitakuwa wa kwanza kulipigia kura. Lakini kwa sasa njia ya nyumbani ni ndefu, na ukoo wetu hauwezi kukaa mahali ukingoja betri bila kuanza kugombana. Hata Nekesa alikubali tuchukue la dizeli, ingawa alinuna. Wafula alikuwa anatabasamu waziwazi, na hapo ndipo Mama aliponivuta mkono. Mkwe wake alikuwa amesimama umbali wa hatua chache, lakini adabu ni adabu.

"Mwambie mkwe wangu gari lake limeshinda, nimefurahi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi Kambi Muru. "Na umwambie masikio yangu bado ni mazima. Desemba mimi nakaa mbele. Yeye apande basi na mtungi wake."

Nilimgeukia Wafula nimpe ujumbe, nikamkuta anatazama viatu vyake.

Hilo ndilo nililojifunza njiani: tulibishana kuhusu injini wakati kilichohitajika ni mtu mmoja wa kuvuta gunia. Mwambieni Mama Mkubwa dada yake anakuja. Wafula naye mtamwona akifika, ikiwa atapata basi litakalokubali mzigo huo.