Michoro ya Shafiq

Ukitaka kumkasirisha Raihana asubuhi, mwambie mashine yake ya kudarizi ni ya kisasa. Mashine hiyo ya kisasa ilikuwa inasimama kimya kama mgeni aliyenuna, ikingoja kompyuta iipe mchoro, na kompyuta nayo, badala ya kuamka ikafanya kazi, ilikuwa inajikagua. Skrini nyeusi, maandishi meupe, asilimia zikipanda kwa kujivuta. Inakagua diski. Jana ilikagua, juzi ilikagua. Ni kitu gani hicho kinachotafutwa kila siku na hakipatikani?

Wateja wa soko la Kimironko hawana subira ya namna hiyo. Mtu amekuja kuchukua mushanana, vazi lake la harusi, pikipiki inamsubiri nje, naye anaonyeshwa asilimia! Bahati, au tuseme balaa, ni kwamba skrini yenyewe ilitoa ruhusa: ukitaka kuruka ukaguzi, bonyeza kitufe chochote. Raihana akawa anabonyeza. Kompyuta inawaka, kazi inaendelea, na kesho yake ni yale yale.

Rodney, fundi wa simu wa kibanda cha jirani, alichungulia mara moja tu, akatoa hukumu akiwa bado mlangoni.

"Mama Shami, hiyo diski iko inakufa. Siku moja haitaamka."

Kisha akarudi kwenye simu zake. Watu wengine wamejaliwa kipaji cha kutangaza misiba.

Maneno yale yalimkata maini Raihana. Si kwa ajili ya kompyuta, kompyuta zinauzwa. Ni kwamba ndani ya diski ile ndimo ilimokuwa michoro ya mume wake, na haikuwako mahali pengine popote duniani.

Shafiq alikuwa mchoraji wa darizi ambaye watu walimfuata kutoka kila pembe ya Kigali. Alifundishwa na baba yake, na baba yake alifundishwa na mzee wao aliyekuja kutoka pwani kwa biashara ya nguo, akaoa huku, akasahau kurudi. Alichora kwa penseli: maua, mizabibu, shingo za kanzu, na hakukuwa na shingo mbili zilizofanana. Halafu duka lao la kwanza likaungua. Ilikuwa pasi iliyoachwa ikiwaka, na ni nani kati yao aliyeiacha, katika ndoa ile swali hilo halijawahi kuulizwa. Mimi nadhani ndiyo sababu ndoa bado ipo. Karatasi zote ziliteketea. Kilichosalia ni nakala ambazo Raihana alikuwa ameziingiza kwenye kompyuta, na kompyuta, kwa kudra ya Mungu, siku hiyo ilikuwa nyumbani Kabeza.

Baadaye mikono ya Shafiq ikaanza kutetemeka. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, Shafiq akaitikia kwa adabu, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakugusa tena penseli. Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Yeye ndiye aliyewapokea wateja, akawatania, akajua nani anaoa na nani ameahirisha, na vipimo vya mtu alivisoma kwa jicho kabla futi haijafunguliwa. Lakini kompyuta hakuikaribia. Michoro yake hakutaka kuiona.

Kazi moja ya mikono alibaki nayo. Kila jioni, adhana ya magharibi ikikaribia, alikwenda nyuma ya mlango, akasema bismillah, akaishusha swichi kubwa ya umeme kwa kiganja kizima. Moto hautalikuta tena duka likiwa na umeme. Kiganja hakihitaji utulivu wa vidole, na Raihana alipenda kumwangalia akifanya vile, kwa sababu hapo Shafiq alikuwa Shafiq wa zamani.

Kuhusu diski Raihana hakumwambia kitu. Alimwita fundi, tena akamchagulia saa ya adhuhuri, mzee wake akiwa msikitini.

Fundi mwenyewe alikuwa msichana aitwaye Ingrid, aliyekulia Kampala, na Kiswahili chake kiliokota kitu kila kilikopita. Hakutoa hukumu mlangoni. Aliketi, akachomeka flashi, akasema, "Kwanza tutoe kopi, mama. Maneno baadaye." Maua yakapita. Mizabibu ikapita. Folda ya shingo za kanzu ikakataa kufunguka.

Raihana aliishikilia meza.

"Tulia kwanza," Ingrid akasema. "Diski yenyewe nimeipima, iko mzima. Niambie, jioni unaizima namna gani?"

"Naifunika kitambaa. Skrini inakuwa nyeusi yenyewe."

"Hapo imelala tu, haijazimika. Halafu?"

"Halafu mzee anakata umeme."

Ingrid akageuka taratibu, akamtazama. "Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu."

Basi ikaelezwa. Kompyuta ilikuwa inakatwa umeme kabla haijazimika, faili zikiwa wazi. Ikiamka inajua iliangushwa, kwa hiyo inaanza kujikagua imeumia wapi. Raihana naye anabonyeza kitufe, anaizuia kumaliza, na kwa kuwa haikumaliza, kesho inaanza upya. Ingrid akapanga ukaguzi kamili wa asubuhi inayofuata. "Usibonyeze kitu. Hata aje nani. Zile za kanzu zinaweza zirudi, zinaweza zisirudi." Akarekebisha pia ile batani ya mbele, ili ukiibonyeza mara moja kompyuta ijifunge kwa heshima.

Mchana wote Raihana alikuwa na roho juu. Kunyamaza kulikuwa rahisi: angeizima kompyuta mapema kimyakimya, na mumewe asingejua kamwe. Lakini shingo za kanzu zilikuwa zake, si za Raihana. Jioni Shafiq alipokwenda nyuma ya mlango, akamwita.

"Baba Shami, ngoja. Usizime."

"Magharibi inaingia."

"Najua. Hivi tunavyozima ndivyo vinaharibu michoro yako."

Mkono wa Shafiq ukabaki juu ya swichi. Raihana akamweleza yote: kitambaa chake, kitufe chake, folda iliyokataa. Alijitaja yeye kwanza, na akajitaja tena mwisho. Shafiq akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja.

"Za kanzu?"

"Za kanzu."

"Mimi nilikuwa nazuia moto," akasema, kwa sauti ndogo.

"Najua, bwana. Wote wawili tulikuwa tunazuia."

Kisha Shafiq akainuka na kuuliza batani iko wapi. Dole gumba lilitetemeka, lakini batani haikujali. Wakasimama bega kwa bega mpaka taa ndogo ikazimika, ndipo kiganja kikaishusha swichi. Magharibi waliiwahi kwa kukimbia.

Asubuhi Shafiq alivuta kiti mbele ya skrini, kwa mara ya kwanza tangu augue. Asilimia zikaanza kupanda. Connie, mteja wao wa zamani, akaja kudai gauni lake, akaambiwa akae, hata wenye duka wanangoja. Namba ikakwama mahali pamoja, ikakaa, ikakaa. Raihana alificha mikono ndani ya mtandio ili isikisogelee kitufe. Shafiq alikuwa anasoma dua midomo ikicheza.

Ikamaliza. Folda ikafunguka.

Shingo za kanzu zikaja moja baada ya nyingine, na Shafiq akazitambua kwa majina ya waliozivaa: hii ya bwana harusi wa Kicukiro, hii ya imamu, hii ya yule asiyetaka kola. Alikuwa anacheka. Kisha ikaja moja ambayo nusu yake ya chini ilikuwa kijivu kitupu. Hiyo haikurudi.

Raihana alitaka kuifunga haraka. Shafiq akamzuia.

"Iache. Hapa palikuwa na shina linashuka, halafu majani matatu. La kati linaangalia kushoto."

"Unakumbuka?"

"Si nilichora mimi? Chora."

Raihana akachora. Shafiq akamwambia jani lake limenona mno. Akalifuta, akachora tena, akaambiwa sasa lina njaa. Connie akauliza kama gauni lake bado lipo duniani. Mwishowe Shafiq alichoka kusema, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe, nao wakalivuta shina pamoja, na shina likatoka na mawimbi kutoka juu hadi chini.

"Futa," Shafiq akasema. "Limepinda."

"Sifuti," akasema Raihana, akalihifadhi kama lilivyo.