Sahihi Kabla ya Kidonge

Wivu wangu ulianzia mabegani. Tulikuwa wauguzi wawili kutoka Tanga katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Randburg, Afrika Kusini, mimi nikiwa nimemtangulia mwenzangu kwa miaka minne. Nilimpokea mimi, nikamwonyesha lifti inayokwama na wazee wanaong'ata. Mwaka uliofuata tulifanya mtihani wa kupanda daraja. Yeye akafaulu, mimi nikaanguka, na Jumatatu moja akaja na alama mpya za mabegani, rangi ya damu ya mzee. Nikaanza kumwita sista, jina la cheo chake kipya, kama walivyomwita wengine.

"Mimi na wewe sista wa wapi tena, shoga?" alisema, akacheka. Nami nikacheka, huku roho inaniuma.

Naona haya kutaja vyote nilivyomwonea wivu. Hata mwandiko wake. Hata jinsi wazee walivyomeza dawa mkononi mwake bila ubishi, wale wale walionitemea mimi.

Sasa, ghorofa yetu ilikuwa na desturi yake. Sheria inasema mgonjwa ameze kwanza, ndipo muuguzi asaini chati. Sisi tulianza na sahihi. Asubuhi, mikono ingali mikavu, tulisaini chati za wazee wote kwa mkupuo, halafu tukagawa dawa huku tukiwalisha uji. Ukisaini mmoja mmoja, uji unapoa na wazee wanasusa. Desturi hiyo nilimfundisha mimi, wiki yake ya kwanza.

Siku yenyewe mzee mmoja alianguka bafuni, shoga yangu akaacha kila kitu akakimbia huko. Kidonge cha presha cha bibi wa chumba cha mwisho kikabaki ndani ya kikombe, kando ya miwani yake, na chati inasema ameshameza. Nilikiona. Nilisimama mlangoni na mashuka mikononi, nikakumbuka kuwa ni siku ya wageni, nikaenda zangu kutandika vitanda.

Binti wa yule bibi ndiye aliyekikuta. Bibi hakudhurika, lakini chati ilikuwa imesema uongo, na kikao cha nidhamu kikaitwa wiki ile ile.

Niliitwa kuwa shahidi. Meneja aliniuliza kama ghorofani kwetu ni kawaida kusaini kabla ya kutoa dawa. Nikasema hapana. Lilitoka kirahisi, mpaka nilijishangaa. Shoga yangu alikuwa ameketi mbele yangu, anatazama viganja vyake. Meneja akamgeukia: basi nani alikufundisha?

"Hakuna," alisema. "Ni haraka yangu mwenyewe."

Aliachishwa kazi, na kesi yake ikapelekwa kwenye baraza la wauguzi, lenye uwezo wa kumfutia leseni. Jioni tulisimama pamoja karibu na robot, zile taa za barabarani, kungoja taksi, maana njia yetu ilikuwa moja. Nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Eish, shoga. Maombi yako ya kurudia mtihani si yako huko huko barazani? Tuzame wote ili iweje?" Akanipangusa uji uliokauka kwenye kola. Kisha akasema, bila ukali, "Siku ile nilikuona kutoka bafuni. Umesimama mlangoni kwa bibi. Nikashukuru Mungu, nikajua utampa."

Taksi ilifika. Akapanda kwanza, akanishikia kiti.

Nilifaulu mtihani mwaka huo. Yeye anasuka nywele Doornfontein, bado anangoja uamuzi wa baraza, na nikipita hunivutia kigoda nikae. Kila asubuhi nabandika alama zangu mabegani mbele ya kioo, rangi ile ile niliyoililia, na bado namwonea wivu.