Kazi Yangu Ilikuwa Kuangalia Taa

Jana, saa kumi ya jioni, nilipanda tena kilima cha Kadutu hapa Bukavu, nilikolelewa, kompyuta kuukuu kichwani na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na kisanduku cha kunyanyua umeme dhaifu na taa moja ya kioo, ile ya zamani yenye kiuzi ndani, ambayo niliitafuta sokoni siku mbili nzima. Mama mmoja muuza makala, mkaa wa kupikia, akaniuliza, "Maman, unaenda kuuzisha hiyo mashine?" Nikamwambia hapana, ninaenda kuijaribu. Akacheka. Acha acheke. Lakini wewe, rafiki yangu, keti nikueleze, maana ungenikuta njiani na mzigo ule nawe ungecheka vilevile.

Mimi hutengeneza mashine za watu, ndiyo kazi inayonilisha. Tena ni mmoja wa wasimamizi wa kikundi kimoja cha simu ambamo wapenda teknolojia wa huku Kivu ya Kusini tunakutana kubishana. Tunabishania kila kitu: simu mpya ipi ina kamera nzuri, akili bandia itatunyang'anya kazi ama itatuongezea, mfumo wa bure na ule wa kununua upi una faida. Siku chache zilizopita kijana mmoja wa Sange, mwalimu, aliandika kwamba mashine yake haiamki jioni, na ndani yake kuna alama za wanafunzi wake wote. Hata dakika tano hazikupita, mwingine akamjibu: "Kule nyuma iko ka-bouton kekundu. Sukuma ku 110, itawaka."

Damu ilinipanda. Nikaandika kwa herufi kubwa: USIGUSE. Wakaanza kuniuliza, maman, juu ya nini asiguse? Jibu lake lilianza zamani, nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye benchi la jirani yetu.

Nililelewa na koko, mama yake mama. Alfajiri nilikuwa nashuka bombani na bidon mbili za maji, kisha shule, kisha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Jioni avenue nzima ilinuka sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga, na mvua ikinyesha juu ya mabati hamkusikilizana hata mkipiga kelele. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa tonton mmoja, mjomba wa watoto wote wa mtaa, sekretere wa shule. Yeye peke yake ndiye alikuwa na kompyuta, aliyoachiwa na padri aliyehamishwa. Intaneti haikuwepo. Kila Jumamosi alitembea mpaka mjini, kwenye cyber, disketi ameifunga kwa nailoni isilowe, akanakili kurasa za baraza moja la mtandaoni ambamo watu wa nchi nyingi za Afrika, wanaosema Kifaransa, walizungumza habari za mashine. Akirudi, sisi watoto na wazee wawili watatu tulijaa kwenye benchi lake, naye akatusomea.

Habari zote zilitufikia zikiwa zimechelewa wiki, na sisi hatukujali. Tulisikia juu ya simu isiyo na vidude vya kubonyeza, tukasema ni uongo. Tuligawanyika pande mbili juu ya mfumo wa bure na ule wa kununua, tukagombana kwa hasira kabisa, na wala hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mashine. Wenye swali au jibu waliliandika kwenye kaye, daftari moja la shule, na tonton akalipeleka mjini Jumamosi iliyofuata kwa jina lake. Sharti lake lilikuwa moja: "Kitu yenye hatukujaribu, haiende ku muji." Kila jibu tulilijaribu kwanza kwenye mashine yake, mbele ya watu.

Sasa, moto wa kwetu. Huku umeme tunauita moto, na jioni, watu wote wakiwasha pasi na majiko, ulikuwa unashuka mpaka taa inakuwa nyekundu kama kaa la makala. Mashine ikakataa kuamka. Tonton akasukuma kile kibonyezo chekundu cha nyuma kutoka volti 220 hadi 110, nayo ikaamka. Hatari ni kwamba moto ukirudi ghafla na nguvu zake zote, itaungua. Kwa hiyo alihitaji mtu wa kukaa chini ya taa, mkono karibu na waya, taa ikianza kuwa nyeupe tu, apige kelele "Inapanda!" na achomoe. Kazi hiyo alinipa mimi. Koko aliona sawa kabisa. "Huyu mutoto anaangaliaka kama paka mbele ya sambaza," alisema.

Niliipenda kazi ile, sikufichi. Lakini nilitaka zaidi. Nilitaka jibu langu liende mjini na jina langu chini yake. Tonton alikuwa ameniahidi: siku nitakayoleta jibu ambalo hajanifundisha yeye, ataandika jina langu.

Basi likaja swali la mwanafunzi mmoja wa mbali, nchi ya upande wa bahari. Alikuwa anaandika mémoire, tasnifu yake ya kumaliza université, na mashine imekataa kuamka tangu juzi. Niliruka kwenye benchi. Nilikuwa nalijua jibu kuliko mtu yeyote, kwani si kila jioni nilikuwa naliona? Nikaandika kwenye kaye: nyuma kuna kibonyezo chekundu, sukuma 110. Tukalijaribu palepale, saa moja ya jioni, na mashine ikaamka, watu wakapiga makofi. Tonton akaandika jina langu. Habari ya taa hakuna aliyeifikiria, si mimi wala yeye. Moto dhaifu kwetu ulikuwa kitu cha kila siku, kama matope.

Jumamosi iliyofuata tonton alilipeleka jibu, na Jumamosi ya pili yake alirudi bila kusalimia mtu. Alikuwa na desturi ya kusoma yote, mazuri na mabaya, na siku ile hakuiacha. Yule mwanafunzi aliandika hivi: nimefuata shauri la mtoto wa Bukavu, kumelipuka, moshi umetoka, mémoire yangu ya miaka miwili iko ndani na sina nakala nyingine. Chini yake watu wengine walikuwa wamewacheka mafundi wa Bukavu. Na wasimamizi wa baraza walikuwa wamesema kwamba, tusipojieleza kabla ya wiki kwisha, jina la tonton litafutwa.

Nilikimbia nyumbani nikalia mpaka kichwa kikauma. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilimwona yule mwanafunzi amekaa mbele ya mashine iliyokufa. Koko aliniacha nilie kidogo, halafu akaninyang'anya kitenge nilichojifunika. "Ukivunja chungu ya jirani, usimuletee machozi. Umuletee chungu. Amuka."

Nikarudi kwa tonton. Nilimkuta ameketi, kaye mbele yake, anasoma jibu langu mara ya sijui ngapi. Nikamwambia, "Tonton, lakini tulijaribu."

"Ndiyo, tulijaribu na moto yetu," akasema. "Hatukujaribu na moto yake."

Kesho yake, baada ya misa ya pili, tulishuka paroasi. Kule kulikuwa na groupe, jenereta kubwa iliyotoa moto kamili, na padri alitukubalia nusu saa, bila furaha. Tonton alibeba mashine yake, mimi nikabeba taa. Chini ya mkono wake mwingine alikuwa na kisanduku cha moto, kile cha chuma ambamo waya huingia, alichoazima kwa fundi mmoja wa Nyawera kutoka mashine iliyokufa zamani. Nilifunga taa. Ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho, sijawahi kuiona hivyo. Kisha nikamwona anasukuma kibonyezo hadi 110.

"Tonton, itaungua."

"Najua. Tunataka kuona nini inaungua na nini inabakia."

Mle ndani ya mashine kulikuwa na mitihani ya shule nzima na kila ukurasa aliowahi kuutoa mjini. Mashine nyingine hakuwa nayo, na mshahara wake usingemnunulia. Akaniwekea waya mkononi. "Weye ndiye uliandika. Chomeka."

Nilichomeka. Ikalia "paa!", moshi ukatoka nyuma, na harufu ile chungu ninayoikuta mpaka leo kwenye kazi yangu kila mtu akiniletea mashine iliyoungua. Padri alitoka mbio akiuliza kama tunataka kumuchomea kanisa. Tonton alifungua mashine, akatoa kisanduku cha moto, ndani cheusi titii, akaweka kile cha fundi. Akarudisha kibonyezo hadi 220.

"Chomeka tena."

Mwanzo hakukuwa na kitu. Halafu disque, ile inayotunza kazi zote, ikaanza kuvuma taratibu, maandishi yakatokea, mstari baada ya mstari, na mitihani yote ilikuwa mahali pake. Nililia tena, safari hii mbele ya padri.

Tonton hakungoja Jumamosi. Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akashuka mjini na karatasi niliyoiandika mwenyewe, yeye amesahihisha Kifaransa tu. Niliandika kwamba kosa ni letu, moto wetu ni mdogo na hatukumwambia. Asitupe mashine. Kilichokufa ni kisanduku, atafute kingine, disque iko hai. Tunajua kwa sababu tumeunguza ya kwetu.

Jumamosi tulijaa kwenye benchi kuliko siku zote, hata koko alikuja na kiti chake. Tonton alifunua karatasi. Jibu la mwanafunzi lilikuwa fupi: amepata kisanduku kingine, mémoire iko. Akalisoma mara mbili, ya pili kwa Kiswahili ili koko asikie. Jina la tonton halikufutwa.

Leo tonton hayupo, koko pia hayupo. Kaye iliozeshwa na unyevu. Lile baraza nimelitafuta mara nyingi mtandaoni, anwani yake haifungui kitu. Mabishano yetu yote yamekwenda, pamoja na jibu langu baya na jibu langu zuri. Kwenye kikundi chetu cha sasa jibu linakuja kabla swali halijakauka, na hilo ni zuri, sitaki turudi kungoja Jumamosi. Ila hakuna anayeuliza moto wa mwenzake uko namna gani. Hata taa zenyewe zimebadilika. Hizi za kisasa, moto ushuke ama upande, ziko nyeupe tu, zinakudanganya usoni. Ndiyo maana niliitafuta ile ya kioo.

Nyumba ya tonton sasa imekaliwa na mama mshonaji. Nilimweleza shida ya mwalimu wa Sange: kwamba nataka kumshauri anunue régulateur, kile kisanduku kinachonyanyua moto dhaifu, lakini sijui kama kitatosha kwa moto wa jioni kama wake. Nilikuwa nimemuuliza mwalimu taa yake, maana yeye bado ana ya kioo, inawaka rangi gani, akasema nyekundu. Moto mwekundu mjini naujua unapatikana wapi. Mama akanitazama, akasogeza cherehani yake. "Ingia, maman. Prise iko pale pale," akasema, akionyesha pa kuchomekea ukutani.

Nikafunga taa, nikaichomeka kompyuta kwenye régulateur. Saa kumi na mbili na nusu ikaanza kuwa njano, halafu nyekundu, rangi ile ile. Simu ilikuwa inalia mfukoni bila kupumzika, kikundi kizima kinauliza maman, jibu iko wapi, mwalimu anangoja. Niliandika: "Angoje. Ninajaribu na moto yake." Kisha nikaizima simu, nikavuta kiti nikakiweka chini ya taa, mkono karibu na waya.