Gurudumu la Nne Lisilo na Chaki

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani wala spana. Nilipewa dumu la mafuta taa, matambara na brashi iliyokwisha nusu, nikaambiwa nikamwogeshe bibi harusi. Bibi harusi mwenyewe alikuwa lori lililoshushwa bandarini Kilindini, limepakwa grisi nzito kila penye chuma ili chumvi ya bahari isilile njiani. Niliifuta grisi ile tangu asubuhi mpaka alasiri. Niliporudi nyumbani Chaani, mama alinitazama, akakataa nisipite mlangoni na nguo zile, nikala uani pamoja na kuku.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita vikuu vya pili. Yadi yetu ilikuwa Changamwe, mali ya kampuni moja ya kuuza malori ambayo jina lake nitalihifadhi. Mwaka mzima nilifuta grisi. Kisha nikapelekwa chumba cha betri, ambako tindikali ilinila suruali mbili na ngozi ya mkono huu wa kulia. Baada ya hapo Fundi Mkuu akanichukua upande wa ukaguzi, nami nikajiona nimepaa, maana mkaguzi ndiye aliyesema gari jipya litoke au lisitoke.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Kisauni, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya kiua hata akiwa chini ya lori. Hakupenda maneno mengi, ila siku aliyonikabidhi kazi alinikalisha juu ya kasha, akaniambia, "Kazungu, usiliamini gari kwa kuwa ni jipya. La zamani lishakwambia ubovu wake. Hili halijasema neno bado, na likija kusema, huenda ikawa kwenye mteremko."

Akanifundisha kuchomoa kijiti cha oili na kukisoma, kutazama maji ya rejeta, kubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, kukanyaga breki na kuhesabu pole pole hadi thelathini huku mguu haujaondoka. Lakini alichokitilia mkazo zaidi ni magurudumu. Mafundi waliounganisha lori walizifunga nati kwa vidole tu, au kwa spana fupi. Kuzikaza hasa ilikuwa kazi ya mkaguzi, kwa spana ndefu, kisha kugonga kila nati kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Nati iliyokaa hulia kwa sauti kali. Iliyolegea hutoa mlio mfu, kama kugonga kibuyu chenye maji. Na katika malori yale, nati za upande wa kushoto zilikazwa kinyume, kwa kuzungusha kuelekea kushoto, ili gurudumu likienda mbele lisizifungue. Dereva asiyelijua hilo huweza kujikakamua kukaza, kumbe anafungua.

Gurudumu likimalizika, mkaguzi hulitia alama ya chaki. Hapo Fundi Mkuu hakuwa na mzaha. "Gurudumu lisilo chaki halijakazwa," alisema, "hata kama uliapa umelikaza. Chaki ikifutika, anza upya."

Vita vilipokwisha, raia walianza kupata malori. Watu wa pwani hawakulichukua lori kama mtu anavyochukua jembe dukani. Mnunuzi wa Kiislamu alikuja na jamaa zake, ubani, marashi, birika la kahawa na halua, na shehe wa kulisomea. Dua ikisha, gari huondoka papo hapo, moja kwa moja mpaka nyumbani. Kulisimamisha au kulifungua tena kabla halijafika kulihesabiwa nuksi. Mimi Mgiriama, Mkristo, mwana wa mkulima wa mihogo, niliiheshimu desturi ile kupita kiasi. Niliogopa sana kuonekana mtu asiyejua adabu mbele ya dini ya watu.

Sasa ndipo ninapofika mahali ambapo mpaka leo mwili hunisisimka.

Mzee Hatibu wa Bofu, kule Likoni, alikuwa mfanyabiashara wa mbata, nazi zilizokaushwa. Alinunua lori kwetu, na akapatana na Meneja kulichukua baada ya sala ya adhuhuri. Fundi Mkuu alikwenda Kilindini kupokea makasha, akaniachia ukaguzi. Nami kwa kujiamini nilikuwa nimeshaitia sahihi karatasi ya ukaguzi tangu asubuhi, ili nisihangaike na kalamu mikono ikiwa michafu. Msinicheke. Au nichekeni, ni haki yenu.

Saa nne jamaa wakatokea. Walikuwa wamewahi kwa sababu shehe alikuwa na maziko jioni. Nilikuwa nimekaza magurudumu matatu na kuyatia chaki. La nne, la mbele kushoto, nilikuwa ndiyo kwanza nimelichuchumalia.

"Shikamoo mzee," nikasema, nikainuka.

"Marahaba, mwanangu," alinijibu Mzee Hatibu. "Waendeleaje na mgonjwa wetu?"

"Karibu atapona."

Akacheka. Mwanawe Kassim, kijana wa miaka ishirini na tano hivi, ndiye atakayekuwa dereva. Alilizunguka lori mara mbili akilipapasa kwa kiganja, kwa aibu kidogo, kana kwamba tunamwona akiposa mchumba. Nyuma yao alisimama shangazi yake, Bi Mwanaisha, na chetezo kinachofuka.

Sikupata nafasi ya kusema neno. Shehe alisimama mbele ya lori, akainua mikono, na watu wote wakainua mikono. Mimi nikaificha spana nyuma ya mgongo, nikainamisha kichwa. Nilijiambia kwamba dua ikisha nitaomba dakika tano.

Dua ikaisha, "Amin". Bi Mwanaisha akalizunguka lori na mrashi, akanyunyizia kila gurudumu mpaka chaki zangu tatu zikachuruzika na kupotea. Vigelegele vikapigwa. Kassim akawasha injini. Mzee Hatibu akapanda kando yake, na Bi Mwanaisha akapandishwa nyuma pamoja na vikapu. Nilikuwa nimesimama karibu na lile gurudumu, spana mkononi. Mzee Hatibu alinitazama kupitia dirishani, akaitazama spana, akanitazama tena. Alikuwa kana kwamba ananingojea.

Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, nalo ni "Ngojeni." Nikasema, "Safari njema, mzee."

Wallahi, kama Waislamu wenyewe wasemavyo, sijui kinywa kile kilikuwa cha nani. Nilijidanganya kwamba nati zilizofungwa kwa vidole zitafika Likoni, na kwamba kesho nitavuka feri na spana yangu nikazimalizie kimya kimya. Kisha nikapewa kipande cha halua katika jani, nikala. Naandika hili kwa sababu ndilo linalonichoma kuliko yote. Nilikula, na ilikuwa tamu.

Haikupita nusu saa, mtu wa baiskeli aliingia yadini akihema. Lori jipya limepinduka mteremkoni, kabla ya kufika Makupa. Gurudumu la mbele lilichomoka, likamtangulia dereva wake barabarani.

Nilikimbia kwa miguu. Nililikuta limelalia ubavu mtaroni, limebaki na magurudumu matatu, na harufu ya marashi ingali pale pale. Bi Mwanaisha alikuwa ameketi kando ya barabara, ubavu mmoja wa buibui umechanika, anatetemeka bila kulia. Mzee Hatibu alikuwa amepasuka juu ya jicho. Kassim alikuwa chini ya mlango, na watu kumi walikuwa wakiuinua. Mguu wake wa kushoto sitauelezea. Nilishika mlango ule pamoja nao, nikainua, na hakuna aliyejua kwamba mimi ndiye niliyemlaza pale. Hospitali waliukata juu ya goti.

Siku ya tatu tuliitwa ofisini kwa Meneja. Meneja alikuwa Mzungu mwenye haraka, Kiswahili chake cha amri tupu, lakini siku ile alizungumza polepole. Mzee Hatibu alikaa kwenye kiti, kichwa kimefungwa bendeji. Karatasi yenye sahihi yangu ilikuwa mezani.

Fundi Mkuu alikuwa ameniita pembeni kabla hatujaingia. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Nisikize," alininong'oneza. "Nitasema kijana wao aliichukua spana hapa yadini akataka kujikazia nati mwenyewe, naye hakujua za kushoto hukazwa kinyume. Madereva wangapi tumewaona? Wewe nyamaza tu. Una mama."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka mtaroni. Yule aliyenifundisha chaki ndiye aliyekuwa akinifundisha uongo, tena kwa kunihurumia. Uongo wenyewe ulikuwa mzuri, umekaa sawasawa kama nati iliyokazwa. Kassim alikuwa hajui hata siku ni gani. Angeamka na mguu mmoja, aambiwe aliukata kwa ujinga wake, na jina la udereva lifutike.

Tukaingia. Fundi Mkuu akasema maneno yake, macho sakafuni. Meneja akanigeukia.

"Kazungu, gurudumu lile ulilikaza?"

Niliitazama sahihi yangu. Niliogopa, sitadanganya.

"Sikulikaza, bwana," nikasema. "Kassim hakugusa nati. Dua ilianza nami sijamaliza, nikaona haya kusema. Sahihi ile niliitia kabla."

Meneja akasimama. Nikageuka kumtazama Mzee Hatibu, nikingoja anilaani, maana ilikuwa haki yake.

Mzee Hatibu alikuwa akilia, machozi yakipita ndani ya ndevu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Nalijua," akasema.

Meneja akauliza alijua nini.

"Nalimuona ana spana. Nalihesabu chaki, zilikuwa tatu. Mimi ni mtu wa biashara, sinunui kitu bila ya kuhesabu. Lakini shehe keshainua mikono, nami ndiye mwenye shughuli. Nikaona haya kuikata dua. Nikasema, atanena huyu kijana. Naye akasema, atanena huyu mzee." Akajipangusa uso kwa mkono wa kanzu. "Mwanangu tumemkata mguu sisi wawili, kwa adabu."

Sijasikia neno lililonipiga kama lile, si kabla wala baada. Fundi Mkuu alitoka nje bila ruhusa, nikamwona dirishani ameegemea ukuta, kofia mkononi.

Meneja alitaka nifukuzwe siku ile ile. Mzee Hatibu akamzuia kwa mkono. "Ukimfukuza huyu, utaniletea mwengine. Huyo naye ajifunze kwa mguu wa nani?"

Nikarudishwa kwenye grisi, na kwa miezi mingi mama yangu alizoea tena kunilisha uani. Fundi Mkuu mwenyewe ndiye aliyenirudishia spana, bila hotuba. Alisema tu, "Twaa." Kuanzia hapo yadi ikapata sharti jipya ambalo halikuandikwa popote. Kabla shehe hajainua mikono, humuuliza mkaguzi, "Fundi, kuna neno?" Lilikuwa la Mzee Hatibu hilo. Alinunua malori mengine mawili kwetu, na kila mara aliniuliza mbele ya watu wote, kwa sauti, mpaka mashehe wakazoea kuuliza wenyewe. Kassim alihesabu magunia ya mbata dukani kwa baba yake, na siku nilizokwenda Bofu kumwamkua alinitilia kahawa. Hakuwahi kuniambia amenisamehe, nami sikuwahi kumuuliza.

Nyinyi vijana mna mashine za kukazia nati, zinazolia zenyewe zikifika kipimo. Vizuri. Ila mashine haiwezi kuona haya, na sijui kama ni faida au hasara. Nilikaa kazini mpaka mvi, nikawa Fundi Mkuu mimi mwenyewe, na nilichofundisha sana hakikuwa oili wala breki. Niliwafundisha watu kukatiza maneno ya wakubwa. Wengi walishindwa.

Wiki yangu ya mwisho yadini, mjukuu wa Mzee Hatibu alikuja kuchukua lori. Mzee alikuwa amekwisha fariki. Shehe alikuwa mgeni, hakujua desturi yetu, akainua mikono bila kuuliza. Watu wakainua yao.

"Ngojeni," nikasema.

Wote wakanigeukia. Nikachukua nyundo, nikalizunguka lori, nikagonga nati moja moja, magurudumu yote. Zote zililia sawasawa. Hapakuwa na kasoro hata moja, na chaki zilikuwa kamili. Nyuma yangu mtu akanung'unika kwamba mzee huyu anatuchelewesha bure.

Kassim alikuwa miongoni mwao, ameegemea magongo yake, ndevu nyeupe kama za baba yake. Alimtazama yule mnung'unikaji, kisha akanitazama mimi.

"Mwacheni," akasema. "Gonga tena, Kazungu."

Nikagonga tena.