Kiti cha baba chamsubiri kaka

Saa mbili asubuhi, dereva mstaafu ameketi kwenye kiti kipya ambacho bado kinanuka gundi. Miguu yake inaning'inia. Fundi yuko sakafuni mbele yake, msumeno mkononi, mkongojo wake ameuegemeza ukutani.

Anapunguza miguu ya kiti kwa upana wa kidole, mmoja mmoja, kisha anamkalisha tena mteja wake. Safari hii nyayo za mzee zinagusa sakafu.

"Sasa inuka, mzee. Usishike kitu!"

Mzee anainuka. Anajishangaa, anakaa tena, anainuka tena, mpaka inakuwa mchezo.

"Nyumbani wajukuu hunivuta kwenye kochi kama gari lililokwama," anasema. "Mungu akuzidishie, binti yangu."

Kwa neno hilo la "inuka" watu wa mtaani wamempa jina. Wanamwita Fundi Inuka, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Hakati miguu ya kiti chochote mpaka atakayekikalia aje mwenyewe. Ukimtuma mtu akuwakilishe, atarudishwa na kicheko.

"Polio ilinipata kabla sijajua kukimbia, kwa hiyo sikupoteza kitu nilichokijua," anasema huku akifagia unga wa mbao. "Ila makochi ya watu yalinitesa. Unakaribishwa vizuri, ukitaka kuondoka huwezi kuinuka. Nikasema, lazima tuko wengi."

Wako wengi kweli. Wazee, wajawazito, wenye viuno vibovu, wote hupita mlango wake.

Karakana hii ilikuwa ya baba yake. Zamani ilijaa mafundi na kelele za randa. Baba alipougua, baba zake wadogo waligombania mashine hadi zikauzwa, mafundi wakatawanyika, na kaka yake, mtoto pekee mwingine wa nyumba hiyo, akaenda mbali kutafuta kazi. Alibaki yeye, mama, nyundo na cherehani cha mkono.

Kaka huyo akawa mwandishi. Riwaya yake inasimulia familia ya mafundi inayoporomoka, na ndani yake yumo binti mwenye mguu uliopooza. Kila ukuta unapopata ufa, mguu wa binti unazidi kukonda. Sura ya mwisho binti anakufa, na kiti cha baba kinafanywa kuni siku ya maziko yake.

Riwaya ikaanza kusomwa shuleni. Wanafunzi wakakariri kwamba mguu ule ni ishara ya ukoo unaoanguka. Siku moja wakaja watatu na sare zao, wakasimama mlangoni wakisukumana.

"Shikamoo mama. Samahani, wewe ndiye ishara?"

"Marahaba. Mimi ni fundi. Ishara yuko kitabuni, ameshakufa, poleni sana."

Leo anaisimulia kwa kicheko. Mara ya kwanza kukisoma kitabu hakucheka.

"Nilikasirika, sikatai. Wiki nzima nilipigilia misumari kama naua nyoka," anasema. "Kisha nikamwelewa. Kaka alikuwa na huzuni ya nyumba nzima, hakujua pa kuiweka. Mguu wangu ulikuwa karibu, akauweka hapo."

Anakung'uta kitambaa.

"Lakini huyo huyo alinibeba mgongoni kwenda shule mpaka nilipopata mkongojo. Mvua, tope, wenzake wanamcheka, hakuniacha hata siku moja. Kusoma kwangu ni mgongo wake. Kitabu kimoja kitafuta hayo?"

Tatizo ni kwamba kaka mwenyewe hajajisamehe. Katika kisomo cha kumkumbuka baba, shangazi yao alisimama mbele ya watu akamwambia, "Umemzika dada yako yu hai." Jioni ile ile kaka alifunga mkoba akaondoka. Huu ni mwaka wa tatu hajakanyaga nyumbani. Humpigia mama yao simu, lakini dada akipewa simu mtandao hukatika papo hapo.

Mama, ambaye hushinda kwenye kona ya karakana akichambua pamba ya mito, ana ombi moja tu.

"Nimezaa wawili. Nataka kuwaona wote wawili kabla sijafumba macho. Hayo ya vitabu watayamaliza wenyewe."

Adhuhuri simu ya mama inalia. Fundi anaiwahi yeye, kwa kasi ambayo mkongojo hauijui, na kuiweka sauti ya juu.

"Kaka, usikate."

Sauti ya mwanamume inasema taratibu, "Wanataka kukichapa upya kitabu. Nimefikiri nibadilishe mwisho. Nisikuue."

"Mwache afe, kaka. Watoto wa watu wameshakariri. Mimi nakutaka wewe, uje upimwe."

"Nipimwe nini?"

"Kiti cha baba. Mchwa walikula miguu, nimeweka mipya. Nimekivika kitambaa kile kile cha kijani."

Upande wa pili mtu anavuta pumzi. "Nitakutumia urefu wa mguu wangu kwa simu."

"Kwani nashona suruali?"

Mama anacheka mpaka pamba inamtoka mkononi. Kwenye simu naye kaka anacheka, na mtandao haukatiki.

"Jumamosi mama atakuwepo?" anauliza.

"Aende wapi?"

Simu ikishazimwa, fundi anasema wazi kwamba amefurahi na machozi yake yasihesabiwe. Anaondoa shuka lililofunika kiti kilicho karibu na dirisha. Ni kiti kipana, cha kijani, na kwa miguu hiyo mirefu kinachekesha. Paka amelala chini yake kama yuko chini ya meza.

Je, kaka asipokuja Jumamosi?

"Basi kitasubiri kikiwa kirefu hivi hivi. Sikati bila mwenyewe." Anapapasa mguu wa kiti, kisha anatabasamu. "Ila atakuja. Nitamkalisha hapa miguu ikimning'inia, kama mimi nilivyokuwa mgongoni kwake. Halafu nitamshusha polepole, kidole kwa kidole, mpaka akanyage nyumbani."