Jina kwa Wino Mwekundu

Nilipokuwa mtoto niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nimemuua mke wa mchungaji wetu kwa kalamu. Leo nina mtoto wangu mwenyewe, nina kazi, nina akili zangu timamu, na bado sina hakika kama niliwahi kuacha kuamini hivyo.

Tulikuwa tunakaa Malvern, hapa Johannesburg, kwenye chumba kimoja cha uani: mimi, mama, na Nyanya aliyemzaa mama. Tulitoka Uvira, kule Kongo, nikiwa na miaka mitano. Mama alisuka nywele Jules Street, na kanisa letu lilikuwa mtaa huohuo, kwenye gereji la zamani ambalo sakafu yake ilinuka oili hata baada ya kusuguliwa miaka nenda miaka rudi. Mchungaji wetu alikuwa Mkorea. Pasta Han alikuwa mtu mfupi mwenye suti moja ya kijivu, aliyejifunza Kiswahili Nairobi kabla ya kuja huku. Alihubiri kwacho kwa nguvu zake zote, ingawa herufi ya L ilimshinda. Neno alilolipenda kuliko yote ni kwamba Mungu halali, hasinzii, nalo kinywani mwake likatoka "Mungu harari". Sisi watoto tulivunjika mbavu. Lakini tulilishika. Mama akichelewa kurudi kutoka kazini, nami nikianza kuogopa, nilijiambia Mungu harari, hivyohivyo kwa R, na hofu ilipungua.

Mkewe tulimwita Mama Yobo. Pasta mwenyewe alikuwa akimwita "yobo", nasi tukadhani ndilo jina lake. Ilipita miaka kabla hatujajua kuwa kwao ndivyo mume anavyomwita mkewe, kama kusema mpenzi. Kumbe kanisa zima lilikuwa likimwita Mama Mpenzi, wazee kwa vijana, na yeye hakutusahihisha hata siku moja. Alicheka tu, akiziba mdomo kwa kiganja. Jumapili alitupikia wali, na pembeni kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ambayo Nyanya aliiogopa mwanzoni, kisha akawa anaondoka nayo kwenye kopo.

Jambo moja tu ndilo lililowakosanisha Nyanya na Pasta, nalo ni kuhesabu. Kila Jumapili kabla ya mahubiri Pasta alisimama mbele, akanyoosha kidole, akatuhesabu mmoja mmoja, akaandika idadi kwenye daftari, kwa sababu waliomtuma kutoka kwao walitaka kujua tumefika wangapi. Kwetu mtu hahesabiwi hivyo, mtoto ndiyo kabisa. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakwambia wapo, Mungu amejalia. Basi kidole kilipoanza kutembea, Nyanya alijifunga kitenge vizuri, akatoka nje, akasubiri kimalize.

"Batu habahesabiwaka, Pasta," alimwambia siku moja pale mlangoni. "Ukihesabu batu, unaonyesha kifo njia."

Pasta alicheka, wala si kwa dharau. "Nyanya, hiyo giza. Yesu ametoa sisi giza."

Jumapili iliyofuata akahubiri juu ya ushirikina. Alitaja bundi, paka mweusi, jicho linalocheza, na kuhesabu watu. Vyote hivyo, alisema, ni woga wa watoto wasiomjua baba yao. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso. Kidole kilipoinuliwa, akatoka kama kawaida.

Mwaka huo Mama Yobo akaugua. Walisema ni uvimbe tumboni. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka, akaivaa shingoni kwenye uzi. Pasta alifunga kula siku nyingi, akatangaza mbele yetu sote kwamba Mungu amemwonyesha: mke wake atapona, naye atasimama hapahapa kutoa ushuhuda. Hakusema tuombe ili apone. Alisema atapona. Hata mimi niliona kwamba ameweka kila kitu chake juu ya neno hilo, na kwamba likianguka ataanguka nalo.

Ukutani, karibu na mimbari, palikuwa na karatasi kubwa ya majina ya wagonjwa wa kuombewa. Mwandishi wake nilikuwa mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa shuleni. Majina yalikuwa mengi, yote ya buluu, na la Mama Yobo halikuwemo, maana kila mtu alidhani mwingine ameliandika. Nikaona aibu. Jumamosi nilipompelekea uji uliopikwa na mama, nilimuuliza, "Mama Yobo, jina lako hasa ni nani? Nataka Mungu asikosee."

Alicheka mpaka akakohoa. Akachukua penseli yangu, akaandika kwenye daftari langu vialama vitatu, vya mraba mraba kama vijumba. "Sun-hi," alisema. "Choi Sun-hi. Mimi mwenyewe sasa nasahau."

Nilikwenda kanisani mchana uleule. Nilitaka jina lake lionekane kwanza, kabla ya majina yote. Halafu makanisani kwetu watu wakiombea mgonjwa husema damu ya Yesu imfunike, na mimi nilikuwa na kalamu nyekundu ndani ya mkoba. Nilivinakili vile vijumba vitatu juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa, nikavipitia mara mbili vikolee. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sijawahi kuandika kitu kwa upendo kiasi kile.

Jumapili Pasta aliingia na Biblia yake kwapani, akaiona karatasi, akasimama. Rangi ilimtoka. Alisema kitu kwa Kikorea, kisha akauliza, "Nani ameandika? Nani?" Mimi nilijificha nyuma ya kitenge cha Nyanya. Aliibandua karatasi akaikunja, ikachanika, akaendelea kuikunja vipande vipande.

"Kwetu jina nyekundu ni jina ya maiti," alisema. "Mtu hai haandikwi hivi. Akiandikwa hivi, anakufa."

Nadhani hapo aliyasikia maneno yake mwenyewe. Watu walitazamana. Nyani haoni kundule, na wako waliocheka kidogo, wakisubiri siku ya kumkumbusha mahubiri yake juu ya bundi. Mimi sikucheka. Nyanya naye hakucheka. Alikuwa anamtazama Pasta kwa namna ambayo mpaka siku ile aliwawekea watu wa kwetu tu. Siku hiyo hatukuhesabiwa.

Mama Yobo alikufa kabla mwezi haujaisha. Jumapili ile Pasta hakuhubiri, wala iliyofuata. Nyumbani nilikataa kula. Nyanya alinibana mpaka nikamwambia yote, kalamu na kila kitu, naye akanivuta kifuani pake.

"Sikiliza, mutoto wangu. Si kalamu yako. Ni kidole yake mwenyewe. Alituhesabu sana, mimi nilimwambia."

Alitaka kunitua mzigo, na hakuwa na pengine pa kuuweka ila kichwani mwa mtu aliyefiwa. Namsamehe. Lakini haukutua.

Wiki ya pili baada ya maziko nilikwenda kufagia kanisa kama zamani, nikamkuta Pasta amekaa peke yake kwenye kiti cha nyuma kabisa, katika viti vya waumini, na suti yake ileile. Nilianza kulia kabla sijamfikia.

"Ni mimi niliandika," nilisema.

"Najua. Sun-hi aliniambia. Alifurahi, umeuliza jina yake." Akanyoosha mkono. "Kalamu iko?"

Ilikuwa mkobani. Alifungua daftari lake la kutuhesabu, ukurasa wa mwisho, akaandika taratibu vijumba vitatu vingine kwa wino mwekundu.

"Hii ni mimi," alisema. "Sasa sisi wote."

Nilifikiri ananisamehe. Nilifikiri ananionyesha kwamba wino ni wino, kwamba ameshinda woga wake kwa ajili yangu ili na mimi nishinde wangu. Nilikwenda nyumbani mwepesi, nikala sahani mbili za ugali, Nyanya akamshukuru Mungu. Kanisa lilifungwa mwaka huo, gereji likarudi kuwa gereji, na mimi nikakua na kumbukumbu hiyo kama kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutendewa na mtu mzima.

Mwaka huu nilimwona tena. Niliingia duka la nywele bandia Jules Street kumnunulia mama rasta, na mzee nyuma ya kaunta alikuwa yeye. Hakuwa amehama hata kidogo. Ni mimi niliyehamia mbali. Nikamwita Pasta. Akatikisa kichwa.

"Pasta hayupo. Nywele zipo," akasema, na Kiswahili chake sasa kilikuwa safi, cha kuuzia Wakongo kutwa nzima.

Nilimwambia mimi ni Furaha. Nilimshukuru kwa siku ile ya kalamu, kwamba aliandika jina lake ili nisiogope. Aliendelea kupanga pakiti kwenye rafu.

"Sikuandika kwa ajili yako," alisema baadaye. "Nisamehe. Nilikuwa ninaomba. Yalikuwa maombi yangu ya mwisho. Na hayo pia hakuyajibu."

Ilinichukua muda kuelewa aliomba nini. Nikatoa lile lake la zamani. "Mungu halali, Pasta."

"Halali," akaitika, kwa L iliyonyooka kabisa. "Najua. Alikuwa macho. Aliona yote."

Akanifungia rasta kwenye mfuko, nikatoka.

Jina lake liliandikwa jekundu na yeye mwenyewe, na hakufa. Maana yake kalamu yangu haikuua mtu, na kama ni hivyo, kidole chake nacho hakikuua mtu. Hilo ndilo nililokuwa nikililia tangu nina miaka kumi na moja, na nimelipata kwa kumkuta mzee aliyeomba kufa angali hai. Sijui nimshukuru nani.

Juzi binti yangu alikuwa anafanya kazi za shule mezani. Niliona ameandika jina lake juu ya ukurasa, kubwa, kwa kalamu nyekundu. Nilimnyang'anya kabla sijajijua, nikachana karatasi. Alinitazama, akaniuliza kwa Kiingereza chao cha hapa amekosa nini. Huyu ni mtoto ambaye sijamfundisha sala hata moja. Katika yote niliyopewa kwenye lile gereji, kilichobaki ninachoweza kumrithisha ni hicho tu, woga wa wino mwekundu. Nikampa kalamu ya buluu, nikamwambia aandike upya.